Katuni za likizo na vichezeo vya utotoni: Kumbukumbu zisizo na ghala

JINA la mtaa wa Lucky Summer, mashariki mwa jiji la Nairobi, limebeba neno la Kiingereza la msimu wa kiangazi, msimu ambao Nairobi haina. Mwezi wa Agosti, watoto wa Uingereza wanapoota jua ufuoni mwa bahari, wenzao wa Lucky Summer huwa wamevaa sweta. Mawingu hutanda tangu asubuhi, na jua likijitokeza alasiri, kila mmoja hutafuta ukuta uliopata joto ili auegemee.

Kwa watu wengi waliokulia mtaani humo na katika mitaa jirani ya Babadogo, Ngomongo, Korogocho na Dandora, ukuta huo ndio uliokuwa maktaba ya kwanza. Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, Agosti au Desemba, kitabu kimoja cha katuni kilitosha watoto sita au saba. Mmoja alikishika, wa pili alisoma maneno kwa sauti, na waliobaki walichungulia juu ya mabega yao. Aliyechelewa kufika alisimuliwa yaliyopita huku akikanywa asiguse kurasa kwa mikono yenye matope.

Watoto hao leo ni wazazi, na baadhi yao wana wajukuu. Wengi wanatamani kuzishika tena kurasa zile, au kumwonyesha mtoto kidude fulani cha plastiki walichokithamini kuliko mali yoyote. Ajabu ni kwamba vitu hivyo, vilivyochapishwa na kutengenezwa kwa maelfu, ni adimu mno kupatikana. Swali ni je, vilienda wapi, na yafaa kufanywa nini kuhusu vichache vilivyosalia?

Hamu ya mambo ya kale si jambo geni. Mnamo mwaka 1688, Johannes Hofer aliandika tasnifu ya udaktari jijini Basel, Uswisi, akaieleza hali hiyo kama ugonjwa. Wagonjwa wake walikuwa watu walioishi mbali na makwao, ambao walidhoofika kwa kutamani kurejea. Karne kadhaa baadaye wataalamu wa saikolojia waliacha kuihesabu kuwa maradhi. Wanaeleza kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wepesi zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na kwamba kuyakumbuka humsaidia kujiona kuwa mtu yuleyule licha ya mabadiliko yaliyompata.

Katika mtaa wa nyumba za kupanga kama Lucky Summer, hoja hiyo ina uzito wa pekee. Familia huhama kodi inapopanda au ajira inapopotea. Nyumba ya chumba kimoja haina dari wala stoo ya kuwekea makaratasi. Mtu anaweza kurudi alikokulia akakuta ghorofa mpya mahali palipokuwa na uwanja wa kuchezea. Asipokuwa na nyumba ya kuonyesha wala uwanja wa kuonyesha, hubaki na kumbukumbu ya kitabu alichosoma hapo.

Vitabu vyenyewe

Katuni zilizosomwa Eastlands zilitoka pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa ng'ambo. Nchini Uingereza, majarida ya watoto ya Dandy, lililoanza mwaka 1937, na Beano, lililoanza mwaka 1938, yalikuwa na desturi ya kutoa matoleo maalumu ya likizo. Toleo la kwanza la kiangazi la majarida hayo lilichapishwa kwa pamoja mwaka 1963, likikusudiwa mtoto aliyekwenda kupumzika na wazazi wake. Kutoka Ubelgiji alitoka Tintin, aliyechorwa tangu mwaka 1929, na kutoka Ufaransa akaja Asterix mwaka 1959.

Vitabu hivyo havikufika Eastlands vikiwa vipya. Vilitoka kwa familia zilizokuwa na uwezo, vikaishia kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu ambao hupanga bidhaa zao kando ya barabara za jiji, biashara ambayo watu wa Nairobi huiita duka la inama kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama. Kufikia hapo jalada mara nyingi lilikuwa limeng'oka, na ukurasa wa mwisho, ambao ndio wenye kufumbua fumbo, umepotea. Watoto waliutunga mwisho wao wenyewe.

Upande wa pili ulikuwa wa nyumbani, na huu ndio unaostahili kuzingatiwa zaidi. Juha Kalulu, mhusika aliyebuniwa na marehemu Edward Gicheri Gitau katikati ya miaka ya 1950, aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa zaidi ya nusu karne. Juha katika Kiswahili ni mpumbavu, na kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, ikiwemo Kichewa. Jina hilo lilikutanisha ujinga na ujanja katika mtu mmoja. Mtoto asiyejua kusoma vizuri angeweza kuufuata mkasa kwa picha tu, na wengi walijifunza Kiswahili cha gazeti kwa kuanzia hapo.

Katika Daily Nation alikuwepo Bogi Benda, kibonzo kilichobuniwa katika miaka ya 1970 na James Tumusiime, Mganda ambaye baadaye alianzisha shirika la uchapishaji la Fountain jijini Kampala. Mwaka 1973 mwanahabari Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo lilidumu hadi mwaka 1979. Mhusika wake mkuu alikuwa mwananchi wa kawaida wa jiji, anayecheka ili asilie. Joe lilikuwa la watu wazima, lakini jarida likiachwa mezani halimbagui msomaji.

Katika miaka ya 1980, Hirst aliongoza mfululizo wa vitabu vya picha ulioitwa Pichadithi, jina lililounganisha maneno picha na hadithi, ukichapishwa na kampuni ya Kul Graphics. Humo masimulizi ya jadi yalitolewa vinywani mwa wazee yakawekwa katika michoro ya rangi: Lwanda Magere, shujaa wa Waluo aliyekuwa na mwili wa jiwe, Wanjiru, msichana aliyetolewa kafara ili mvua inyeshe, na Abunuwasi wa pwani na hila zake. Mtoto wa mtaa ambao makabila yote yamechanganyika alipata kujua hadithi ya jirani yake bila kusafiri.

Miongoni mwa walioshiriki katika kazi hiyo alikuwa Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuifanya makao yake. Odoi ndiye aliyewachorea wasomaji wa magazeti mkasa wa Akokhan, uliojaa miungu na uganga wa Afrika Magharibi. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi. Hirst naye aliaga dunia mwaka 2015, na Ng'weno mwaka 2021. Kizazi kilichozianzisha katuni hizi kinaondoka mmoja mmoja.

Nchini Tanzania mambo yalikuwa hayo hayo. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na baadaye jarida la Sani, lililopewa jina kutokana na herufi za mwanzo za majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, vilipitishwa mkono kwa mkono hadi karatasi ikalegea.

Kidude cha plastiki

Vichezeo vina historia iliyo tofauti kidogo. Watoto wa Eastlands hawakuingia dukani kununua mwanasesere wa Juha Kalulu. Vya nyumbani vilitengenezwa kwa mikono: gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye soli za kandambili, mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba, pia ya mti, na watu wa udongo waliokaushwa juani. Aliyependa mhusika fulani wa katuni alimfinyanga au alimchora kwa mkaa ukutani, na mara nyingi alichapwa kwa kosa hilo.

Vidude vya plastiki vyenye sura za wahusika wa katuni ni zao la biashara ya Marekani ya miaka ya 1980. Kwa kawaida mtu hudhani kwamba katuni ilitangulia na kichezeo kikafuata. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Kampuni ya Mattel ilianza kuuza vinyago vya He-Man mwaka 1982, kila kimoja kikiwa na kijitabu cha katuni ndani ya boksi lake. Kipindi cha televisheni kilianza mwaka 1983. Ninja Turtles, kobe wanne wapiganaji, walianza kama kitabu cha katuni mwaka 1984, lakini walipata umaarufu wa dunia nzima baada ya kipindi cha televisheni kuanza mwaka 1987 na vinyago kutolewa mwaka 1988. Kila kipindi kilikuwa pia tangazo la bidhaa.

Nchini Kenya, kituo cha KTN kilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990 na kuvunja ukiritimba wa KBC, televisheni moja ya jirani mkarimu iliweza kuvuta watoto wa ploti nzima. Tangazo liliwafikia, lakini bidhaa haikuwafikia. Ilikuja miaka kadhaa baadaye kupitia mitumba, ndani ya marobota na magunia yaliyofunguliwa Gikomba, au ilizolewa pamoja na takataka za mitaa ya matajiri na kumwagwa katika jaa la Dandora, ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1970 ng'ambo ya Mto Nairobi. Kobe aliyewasili bila mkono alitengenezewa mkono wa waya, na hakuna aliyemwona kuwa na dosari.

Hapa ndipo hamu ya zamani inapohitaji tahadhari. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora. Watoto 328 wa umri wa kati ya miaka 2 na 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo walichunguzwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, kiwango ambacho wakati huo kilihesabiwa kimataifa kuwa cha sumu. Risasi huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na madhara yake hayarekebishiki kwa urahisi.

Ripoti hiyo haikusema kwamba vichezeo ndivyo vilivyowadhuru watoto hao. Vumbi, udongo na moshi wa jaa vilitosha. Hata hivyo, plastiki ya zamani ina sumu zake yenyewe. Mwaka 2018, utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, ulipima vichezeo 200 vya plastiki vilivyokwisha kutumika, na kukuta kwamba baadhi vilikuwa na kiasi kikubwa cha risasi, kadimiamu na kemikali nyingine. Rangi nyekundu, manjano na nyeusi ndizo zilizoongoza kwa hatari. Sababu ni kwamba vichezeo vingi vya zamani vilitengenezwa kabla ya viwango vya sasa kuwekwa, na rangi za aina hiyo zilikuwa rahisi na zenye kung'aa.

Kwa mzazi wa Lucky Summer, funzo ni dogo na la wazi. Kobe wa zamani aliyehifadhiwa tangu mwaka 1992 anaweza kukaa kabatini akasimulia historia. Asipewe mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani, hasa ikiwa rangi imeanza kubanduka. Kichezeo kilichookotwa jaani kisiingizwe nyumbani kabisa. Gari la waya, lililokuwa likidharauliwa kwa kuwa halikununuliwa, halina rangi ya kubanduka wala plastiki ya kutafunwa. Kinachohitajika ni kukunja ncha za waya zisimchome mtoto.

Kwa nini hazikusalia

Sababu ya kwanza ya kutoweka kwa katuni ni karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Ikipatwa na mwanga na hewa, lignini hubadilika, karatasi ikawa ya manjano, kisha asidi iliyomo huikatakata nyuzi zake hadi inavunjika kama jani kavu. Gazeti lilitengenezwa lisomwe siku moja. Mtu anayelishika baada ya miaka 40 analidai kazi ambalo halikuumbiwa.

Sababu ya pili ni matumizi. Mtaani, karatasi iliyosomwa haikuwa takataka. Ilifungia njugu na mandazi, iliwasha jiko la makaa, ilizibia nyufa za mabati, na ilitumika msalani. Katuni nyingi za Juha Kalulu zilikwenda kwa njia hizo, na hakuna wa kulaumiwa. Kila aliyelichana gazeti alikuwa na haja nalo siku hiyo.

Sababu ya tatu ni dharau. Kwa muda mrefu walimu na wazazi waliziona katuni kuwa mchezo wa kumpotezea mtoto muda wa masomo. Kitabu cha hesabu kilijaladiwa kwa karatasi ya kaki, ilhali cha katuni kilifichwa chini ya godoro. Maktaba nazo zilikusanya riwaya na vitabu vya kiada, na kijitabu chembamba chenye picha hakikupewa nafasi sawa rafuni.

Haimaanishi kwamba hakuna sheria. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111 ya Sheria za Kenya, huwataka wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yao kwa serikali. Idara ya Kumbukumbu za Taifa iko katikati ya jiji, na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina hazina ya magazeti ya tangu enzi za ukoloni. Matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara, yako Eastlands, na yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk kupitia makubaliano na serikali ya kaunti ya Nairobi. Lakini sheria humwajibisha mchapishaji peke yake, na maktaba haiwezi kuhifadhi kile ambacho haikuletewa. Mara nyingi nakala pekee ya kitabu ni ile iliyo ndani ya sanduku la bati la mtu wa kawaida.

Mtu aliye na nakala kama hiyo anaweza kufanya mambo machache yasiyo na gharama. Aitoe sakafuni, mbali na unyevu, panya na mende. Aihifadhi ikiwa imelazwa badala ya kukunjwa, mahali pasipofikiwa na jua. Asiibandike selotepu palipochanika, kwa kuwa gundi yake hugeuka kahawia na kuila karatasi. Apige picha ya kila ukurasa kwa simu, kivulini mchana, akianza na jalada, kisha aandike jina la kitabu, nambari ya toleo na tarehe. Picha bila tarehe ni kama kaburi bila jina.

Kupiga picha kwa ajili ya kujihifadhia ni jambo moja, na kusambaza kitabu kizima kwenye intaneti ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mchoraji katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kazi alizomiliki Odoi mwenyewe zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2062, na za Hirst hadi mwisho wa 2065, na pengine haki nyingine ziko mikononi mwa wachapishaji. Familia za wachoraji hao zina haki ya kuulizwa. Mara nyingi wachoraji wa katuni walilipwa ujira mdogo walipokuwa hai, na itakuwa dhuluma ya pili wakinyimwa jasho lao kwa jina la mapenzi.

Jambo la mwisho ni sauti. Aliyesoma Pichadithi akiegemea ukuta wa Lucky Summer anajua mambo ambayo kitabu hakiyasemi: nani alikinunua, kwa fedha zilizopatikana vipi, nani aliwasomea wenzake, na mwisho upi ulitungwa pale ukurasa ulipokosekana. Rekodi ya simu ya dakika kumi inaweza kuyahifadhi hayo yote. Bila yake, hata kitabu kikipatikana, kitakuwa kimepoteza nusu ya historia yake.

Wakati wa kufanya hivyo si mrefu. Jarida la Shujaaz, lililoanza Februari 2010 na kugawanywa bure, likitumia lugha ya Sheng, lilisomwa na mamilioni ya vijana. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 12 alipolipata toleo la kwanza sasa ni mtu mzima, na tayari anaanza kuulizia nakala zake za zamani. Karatasi iliyogawanywa bure hutupwa upesi kuliko ile iliyonunuliwa. Yaliyompata Juha Kalulu yanaweza kulipata jarida hilo pia, mbele ya macho ya watu walio hai na wenye simu mikononi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wana wa Lucky Summer wanaujua ukuta wao, ule walioegemea alasiri za Agosti wakisubiri zamu ya kufungua ukurasa. Bado wapo wanaoweza kueleza kilichosomwa hapo, na ni vyema waulizwe kabla hawajahama.